Bibi hakulewa: neno “groggy” na koti la admirali

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha nikaona lina mambo mengi ndani yake. Mama yake mzazi alisafiri kwenda Ohio, Marekani, kwa mwanawe wa kiume, na huko akafanyiwa upasuaji wa goti. Siku yenyewe familia nzima ilishinda kwenye kundi la WhatsApp ikisubiri habari. Usiku wa huku ukaingia ujumbe kutoka kwa mjukuu, kijana aliyezaliwa kulekule na ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza: “Grandma is awake but still groggy.” Dada akaitia sentensi hiyo kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake, akaibandika kundini kama ilivyotoka: “Bibi yuko macho lakini bado amelewa.”

Kaka yao mkubwa ni mwalimu wa madrasa, na mama yao hajawahi kuonja hata togwa iliyolala siku mbili. Saa saba usiku kaka akatuma sauti kundini: “Wamempa nini mama yetu huko?” Usingizi ukaisha kwa watu wote.

Sasa mama anaendelea vizuri, goti linakunjika, na dada anauliza mambo matatu. Neno hili maana yake hasa ni nini? Limetokea wapi mpaka likahusishwa na ulevi? Na yeye usiku ule angeandika nini?

Dada yangu, mama hakunywa kitu. “Groggy”, linalotamkwa grogi, ni neno la mazungumzo, na humsema mtu ambaye mwili umeshaamka lakini akili bado inajikusanya. Kichwa kizito, macho yanafunguka nusu, ulimi mzito, miguu haina hakika na sakafu. Kinacholeta hali hiyo kinaweza kuwa dawa, homa, ngumi ya kichwa, au usingizi tu uliokatizwa njiani. Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo akilisikia hafikirii chupa hata kidogo. Muuguzi hulisema mbele ya mgonjwa, mama humwambia mwanawe aliyeamka alfajiri kwenda shule, na hakuna anayenuna.

Lakini programu yako nayo haikuliokota “amelewa” barabarani. Ingekuwa miaka 200 na ushee iliyopita, tafsiri ile ingekuwa sahihi kabisa, na kaka yako angekuwa na haki ya kupiga kelele.

Turudi basi karne ya 18, kwenye meli za kivita za Uingereza. Baharia wa wakati huo alikuwa na posho ya kinywaji kama alivyokuwa na posho ya mkate mkavu na nyama ya chumvi. Kwa kawaida ilikuwa bia, galoni moja kwa siku, yaani zaidi ya lita nne. Usishangae. Maji yaliyokaa kwenye mapipa ya mbao miezi miwili huota utelezi na kunuka, na bia angalau ilinyweka. Shida ni kwamba bia nayo huharibika kwenye joto, tena inajaza meli. Kwa hiyo meli zilizokwenda bahari ya Karibi zilichukua ramu, pombe kali inayotengenezwa kwa molasi, lile tope tamu jeusi linalobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Jamaika na Barbados zilikuwa na molasi tele, na waliokata miwa hiyo walikuwa Waafrika waliouzwa utumwani, jambo ambalo hadithi nyingi za mabaharia hulipita mbio. Kanuni za jeshi la majini za mwaka 1731 zilikadiria kwamba nusu painti ya pombe kali ni sawa na galoni ya bia.

Nusu painti ni kama robo lita. Tukichukulia kwamba nusu ya ramu ile ilikuwa spiriti tupu, kwa hesabu yangu ya haraka kila baharia alikuwa akipata kwa siku kilevi cha chupa tano kubwa za bia ya kwetu. Na wengi waliinywa kavu, kwa mkupuo mmoja. Halafu mtu huyohuyo unamtuma apande mlingoti kufunga tanga huku meli inayumba.

Hapo ndipo anaingia admirali Edward Vernon, aliyezaliwa mwaka 1684. Alikuwa mbunge vilevile, mtu wa maneno makali, na wakati huo jina lake lilikuwa linavuma Uingereza nzima. Mwezi wa Novemba 1739, akiwa na meli sita tu, aliiteka bandari ya Wahispania ya Portobello, ambayo leo iko Panama. Vita hivyo Waingereza wanaviita Vita vya Sikio la Jenkins, kwa sababu nahodha mmoja aliyeitwa Jenkins alidai Wahispania walimkata sikio. Ndiyo, vita kwa jina la sikio. Vernon akatengenezewa medali, na ile barabara ya London yenye soko la vitu vya kale, Portobello Road, asili ya jina lake ni ushindi huohuo.

Admirali huyu alikuwa na koti. Akisimama sitahani kwenye upepo alilivaa hilohilo kila siku, limeshonwa kwa kitambaa kizito cha hariri iliyochanganywa na sufu, kilichokazwa kwa gundi ya mti ili maji yasipenye. Kitambaa hicho Waingereza walikiita grogram, neno walilolipinda kutoka Kifaransa gros grain, yaani chembe nene, maana ukikipapasa unahisi vijitutatuta. Mabaharia hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wakambandika jina: Old Grog, Mzee Grogu.

Jambo hili sisi hatuhitaji kuelezwa. Shuleni kwetu tulikuwa na mwalimu wa hisabati tuliyemwita Kaunda kwa sababu ya suti zake, na mpaka leo jina lake halisi silikumbuki. Suti ilipata jina kwa rais wa Zambia, mwalimu akapata jina kwa suti. Majina hutembea hivyo.

Tarehe 21 Agosti 1740, meli zake zikiwa Port Royal, Jamaika, Vernon alitoa amri kwa manahodha wake. Ramu isigawiwe tena kavu. Kila nusu painti ichanganywe na kwati moja ya maji, yaani karibu lita nzima, ndani ya pipa maalumu, hadharani juu ya sitaha, mbele ya ofisa wa zamu, ili mtu asiibiwe haki yake. Kisha igawiwe mara mbili, asubuhi na jioni, isiwe mara moja. Aliyetaka kuipa ladha angeweza kubana posho yake ya mkate na nyama, akapata sukari na ndimu. (Kuna wanaosema ndimu hiyo ililetwa kuzuia kiseyeye. Hapana. Amri yenyewe inataja ladha. Jeshi la majini lilianza kugawa maji ya limau rasmi kwa ajili ya kiseyeye mwaka 1795, na Vernon alikuwa ameshakufa tangu 1757.)

Kwa Kiswahili amri nzima inaingia kwenye neno moja: Vernon aliizimua ramu. Bibi yangu alikuwa akizimua maji ya kuoga, anatia ya baridi kwenye ya moto mpaka mkono uvumilie. Neno ni hilohilo. Na wanywaji wetu nao wanalo kwa maana yao, kuamka na kichwa kinagonga kisha kunywa kidogo “kuzimua”. Sijui lugha nyingine ambayo neno la maji ya kuoga na neno la asubuhi ya mlevi ni moja, na yote mawili yangemfaa admirali huyu.

Mabaharia walikasirika, kama watu wanaopunjwa wanavyokasirika, wakakipa kinywaji kile chembamba jina la aliyekileta: grog. Ndani ya amri yake Vernon alikuwa ameandika sababu, kwamba ramu kavu huwaharibia afya na huzipumbaza akili zao. Ona bahati mbaya ya mtu. Alipigana na kupumbaa kwa akili, na leo jina lake la utani ndilo mzizi wa neno la kupumbaa kwa akili.

Utauliza, kinywaji kilichozimuliwa kimezaaje neno la kulewa? Kwa sababu ramu ilikuwa ileile, robo lita kwa siku. Maji yaliiongeza wingi, hayakuipunguza nguvu yake yote. Na watu ni watu. Mmoja alimuuzia mwenzake sehemu yake, mwingine alilipa deni la karata kwa mikupuo miwili ya kikombe chake, mwingine alisherehekea siku ya kuzaliwa kwa vikombe vya wenzake kumi. Aliyekunywa grog mpaka akapepesuka akaitwa groggy, kama mtu aliyejaa vumbi anavyoitwa wa vumbi.

Kwa nini naiamini asili hii wakati hadithi nyingi za asili za maneno ni za kutungwa? Kwa sababu tarehe zinakaa mahali pake. Mwaka 1737 Benjamin Franklin alichapisha kwenye gazeti lake la Pennsylvania orodha ya misemo zaidi ya 200 ya kusema mtu amelewa, mingine ya kuchekesha sana, na groggy haimo. Miaka mitatu baadaye inatoka amri ya Vernon. Mwaka 1770 jarida moja la London linachapisha orodha ya namna hiyohiyo, na humo groggy ipo, imeelezwa kwamba ni neno la kule Karibi, ambako ramu na maji bila sukari huitwa grog. Mwaka 1781 daktari wa jeshi la majini, Thomas Trotter, anatunga shairi linalosema waziwazi kwamba jina la grog limetoka kwenye vazi la Vernon. Na mwaka 1785 Francis Grose analiweka kwenye kamusi yake ya maneno ya mitaani, anamtaja Vernon na mwaka 1740, na pembeni anaandika kwamba groggy ni mlevi.

Kuna pingamizi moja utakalokutana nalo ukichimba. Imewahi kuandikwa kwamba mwandishi Mwingereza Daniel Defoe alilitumia neno grog mwaka 1718, miaka 22 kabla ya amri, ambapo kijana mtumwa kutoka Barbados anaeleza kazi za kule: wanatengeneza sukari, wanatengeneza grog. Ingekuwa kweli, koti la Vernon lingechanika. Lakini ni makosa ya kunakili. Defoe hakuandika grog pale. Aliandika tangawizi. Ni mfano mzuri wa kwa nini mtu wa kamusi anatakiwa kufungua kitabu chenyewe, asiridhike na kitabu kinachokisimulia.

Basi hapo neno lina maana moja tu, kulewa. Limefikaje kwa mama yako?

Limepitia miguuni. Wafuga farasi wa Uingereza walikuwa na tatizo la farasi aliyeumia au kuchoka miguu ya mbele, anayekanyaga kama anaogopa ardhi, anayejikwaa na kuyumba. Hakunywa kitu, ila ukimtazama utasema katoka kilabuni. Wakamwita groggy. Karne ya 19 mabondia nao wakaingia. Ukiwahi kutazama ngumi utamjua mtu wa raundi ya nane aliyepokea moja ya kidevu: hajaanguka, mikono bado iko juu, lakini magoti yanacheza na macho yanamtafuta mpinzani upande asioko. Mtangazaji wetu atasema “anapepesuka, anapepesuka huyo!” Mwingereza alisema groggy. Kutoka ulingoni likaenea dunia. Wafaransa wanalitumia hivyohivyo, kwa hiyo msomaji wangu wa Bukavu au Lubumbashi huenda amelisikia kwenye redio ya michezo bila kujua limeanzia sitahani. Wahispania wanasema grogui. Wareno wana grogue kwa maana hiyohiyo, na kwenye visiwa vya Cape Verde, hapa hapa Afrika, grogue ni jina la pombe yenyewe ya miwa, fahari ya nchi.

Kutoka miguuni likapanda kichwani. Aliyepigwa anajisikia hivi. Aliyeamka katikati ya usingizi mzito naye anajisikia hivihivi. Aliyemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi vilevile. Pombe ikabaki nyuma kabisa. Leo ukitaka kumwambia Mwingereza kwamba fulani amelewa, groggy halitakusaidia, ataelewa kwamba fulani hajalala vizuri. Hata akiwa na hali hiyo asubuhi baada ya kunywa, groggy linataja kichwa kizito cha asubuhi, si ulevi wa jana.

Pipa nalo lilipata safari yake. Pipa lililotobolewa lililowekwa sitahani, ambalo watu walikutana kuchota maji, kwa Kiingereza cha baharini liliitwa kwa jina ambalo sasa limekuwa scuttlebutt, na Wamarekani hulitumia kumaanisha umbea. Penye kuchota maji pana maneno. Waliochota kisimani wanajua.

Na posho yenyewe? Ilipunguzwa nusu mwaka 1824, ikapunguzwa tena nusu 1850, ikadumu hivyo mpaka tarehe 31 Julai 1970, siku ya mwisho. Mabaharia walivaa vitambaa vyeusi mikononi, na wengine wakaizika bilauri ya ramu baharini kama maiti. Wakati huo makombora yalikuwa yanaongozwa kwa mitambo ya elektroniki, na wakubwa waliona kikombe cha ramu cha kila siku hakiendani na kazi hiyo. Vernon mwenyewe alishafutwa kwenye orodha ya maofisa mwaka 1746 kwa kuchapisha vijitabu vya kuwasema wakubwa zake. Jina lake limebaki kwenye nyumba, maana ofisa mmoja kijana wa makoloni ya Marekani, Lawrence Washington, aliyepigana chini yake Cartagena, Kolombia ya leo, mwaka 1741, alimpenda kiasi cha kuliita shamba lake Mount Vernon. Mdogo wake George, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, akalirithi, na kaburi lake liko hapo.

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu mimi mfasiri ndilo lenye nyama.

Kiswahili hakina neno moja la kuchukua nafasi ya groggy kila mahali, na si upungufu. Kiswahili kinataka kujua sababu. Tuanze na kulewa kwenyewe, maana limefanya safari inayofanana na ya groggy lakini likachagua njia tofauti. Tunasema amelewa usingizi, amelewa madaraka, amelewa mapenzi, amelewa dawa. Chombo kikipigwa na mawimbi tunasema kinalewalewa, na chombo hakinywi. Angalia lakini: kila tunapolitoa neno hili kwenye pombe, tunalitajia kilichomlevya mtu. Usingizi, madaraka, dawa. Ukiliacha peke yake, “amelewa”, nukta, basi ni pombe, hakuna mjadala. Kosa la programu yako lilikuwa hapo tu. Ingesema “bado amelewa dawa ya usingizi”, kaka yako angesema alhamdulillahi akalala.

Sijui kama ningeandika hivyo mimi. Kwenye kundi lenye mwalimu wa madrasa ningelikwepa kulewa lote, hata likiwa na kijalizo chake, kwa sababu saa saba usiku mtu anasoma neno la kwanza tu. Yako maneno mengine. Mang'amung'amu ni ile hali ya katikati, mtu hajalala wala hajaamka, unamwita anaitikia jina lisilo lake. Vijana wa Dar es Salaam wana mawenge: “niache kwanza, bado nina mawenge ya usingizi.” Kizunguzungu ni kitu kingine, chumba kinazunguka, mtu anaweza kuwa groggy bila chumba kuzunguka. Bumbuazi ni la mshtuko, aliyepigwa na habari akabaki mdomo wazi. Kuweweseka ni kusema usingizini. Ukimwambia kaka yako mama anaweweseka, utakuwa umempa ugonjwa mwingine.

Na tunalo neno la dawa yenyewe, nusukaputi, ambalo nalipenda kuliko yote. Nusu ni yetu, na kaputi ni kaputt la Wajerumani, kitu kilichokwisha kazi, lililobaki kwetu tangu enzi zao. Nusu ya kufa. Waingereza wanataja hali ya mgonjwa kwa koti la admirali, sisi tunaitaja dawa yake kwa neno la askari wa kigeni. Hatuchekani.

Mimi nimelala nusukaputi mara moja, kwa ngiri. Kitu cha kwanza nilichokiona ni feni ya dari, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba imesimama na dari ndiyo inayozunguka. Muuguzi akaniuliza jina. Nilimpa jina langu, kisha nikamwomba anipe chaki, kwa sababu kidato cha nne walikuwa wananisubiri. Nilikuwa nimeacha kufundisha miaka sita. Kulikuwa na kikombe cha maji kando ya kitanda, nikanyoosha mkono kukichukua. Mkono ulikuwa wangu, niliuona, lakini ulikuwa unapokea amri kwa kuchelewa, kama simu ya mbali. Muuguzi akakisogeza kikombe mbali kidogo, akasema “bado, mwalimu, lala.” Nilijisikia nimeonewa sana. Hiyo ndiyo groggy, dada. Mtu anaona, anasikia, anajibu, lakini kati yake na dunia kuna pazia.

Kwa mgonjwa wa upasuaji pazia hilo hutoka lenyewe. Wengi hutambua watu ndani ya saa ya kwanza, uzito wa kichwa ukabaki siku hiyo, na ndiyo maana hospitali huwakataza kuendesha gari au kutia saini jambo kubwa kwa saa 24. Kwa mzee mambo yaangaliwe zaidi. Bibi akiwa na usingizi lakini akiamshwa anajua alipo, hiyo ni groggy ya kawaida. Akianza kuwakataa watu anaowajua, kuona vitu visivyokuwepo, au fahamu zake zinakuja na kupotea mpaka kesho yake, hilo madaktari wana jina lake jingine na wanapaswa kuambiwa palepale. Mjukuu aliyeandika groggy alikuwa anawaambia kwamba hakuna la kutisha. Alichagua neno jepesi kwa makusudi.

Kwa matumizi mengine nitakupa mbio mbio. Ukilikuta kwenye karatasi ya dawa, tafsiri yake iwe “inaweza kukuletea usingizi na uzito wa kichwa.” Ukilikuta kwenye habari za ngumi, anapepesuka. Mtu akisema ameamka groggy, ameamka na mawenge, au usingizi haujamtoka machoni. Na kama wewe mwenyewe unaandika Kiingereza, usilitie kwenye barua ya kazi kumwelezea bosi kwa nini umechelewa. Ni neno la sebuleni.

Kuna jamaa zake mnachanganya. Dazed ni la aliyepigwa au kushtuliwa, na macho yake yamekodoka. Woozy lina kichefuchefu ndani yake, mtu anatafuta pa kushika. Drowsy ni usingizi tu, kichwa kinasinzia lakini akili iko sawa. Ukitaka kujua mtu ni groggy au drowsy, mpe hesabu ya saba mara nane. Mwenye usingizi atakujibu kwa hasira. Mwenye mawenge atakuuliza saba gani.

Usiku ule, basi, ungeandika hivi: “Mama ameamka, hajambo, ila nusukaputi haijamtoka sawasawa kichwani. Tumwache apumzike.” Na mjukuu wa Ohio mjibu kwa Kiswahili, kidogokidogo, atakizoea. Mwambie bibi akiamka sawasawa apewe simu azungumze na mwanawe wa madrasa mwenyewe, maana huyo mpaka amsikie sauti ndipo ataamini.